UZI MAALUMU: Columbus Day ni sikukuu ya nani hasa?

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kila Oktoba wapo Watanzania wanaofunga safari hadi ubalozi wa Marekani pale Dar na kukuta hakuna huduma. Sababu ni Columbus Day, sikukuu ya kumkumbuka Christopher Columbus, baharia aliyefika Amerika mwaka 1492. Balozi za Marekani hufungwa katika siku za mapumziko za serikali yao, na hii ni mojawapo: Jumatatu ya pili ya Oktoba. Mwaka 2024 iliangukia tarehe 14, siku ileile tunayomkumbuka Mwalimu Nyerere. Mwaka 2025 ikaangukia tarehe 13, Nyerere Day ikafuata kesho yake.

Nimeona nilete uzi kamili kwa sababu habari za sikukuu hii zinatufikia vipande vipande. Leo sanamu limeangushwa, kesho rais fulani katoa tangazo, keshokutwa jimbo fulani limebadili jina. Naishi huku Marekani, mada hii nimeifuatilia kwa muda na ninao msimamo, nitauweka wazi huko mbele. Karibuni mchangie, nitajibu humuhumu.

Kwanza, siku yenyewe inavyokuwa. Posta haifanyi kazi, mahakama za serikali kuu zinafungwa, ofisi za uhamiaji vilevile, na benki nyingi. Soko la hisa la New York linaendelea kama kawaida. Kampuni binafsi nyingi hazitoi mapumziko, kwa hiyo mfanyakazi wa ghalani au wa hospitali anaweza kupita siku nzima bila kujua kwamba ni sikukuu. Kule New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, watu hutumia wikiendi hiyo ndefu kwenda kuangalia majani ya miti yanavyogeuka mekundu na ya manjano. New York kuna gwaride kubwa kwenye barabara ya Fifth Avenue, bendera za Italia kila upande, bendi za shule, wanasiasa wanaotafuta kura. Upande wa pili wa nchi, San Francisco, wenyeji wa asili wanapanda boti alfajiri kukiwa bado giza, wanavuka hadi kisiwa cha Alcatraz, wanawasha moto na kuomba dua mpaka jua linachomoza. Ni siku ileile moja.

Sasa, ukitaka kuielewa sikukuu hii usianzie mwaka 1492. Anzia New Orleans, mwaka 1891.

Oktoba 1890 mkuu wa polisi wa jiji hilo, David Hennessy, alipigwa risasi akafa. Lawama zikaangukia Waitalia, hasa waliotoka Sicily. Wakakamatwa wengi, na tisa wakapelekwa mahakamani. Tarehe 13 Machi 1891 baraza la wananchi wanaoamua kesi (jury) likawaachia sita, na kwa watatu likashindwa kufikia uamuzi. Hata hivyo wakarudishwa gerezani. Asubuhi ya tarehe 14 umati wa maelfu ulikusanyika mjini, baada ya tangazo la wito kuchapishwa kwenye magazeti, ukaenda gerezani, ukavunja mlango na kuua Waitalia 11. Wengine walipigwa risasi mle mle ndani, wawili walitolewa nje wakanyongwa mbele ya umati. Miongoni mwa waliouawa walikuwemo ambao hata kesi yao ilikuwa haijaanza. Na magazeti makubwa, hadi ya New York, yaliandika kana kwamba kazi njema imefanyika.

Italia ikamwita balozi wake nyumbani. Yakaanza maneno ya vita. Serikali ya Rais Benjamin Harrison ikaja kulipa fidia ya kama dola 25,000, na mwaka huohuo wa 1892 Harrison akatangaza tarehe 21 Oktoba iwe siku ya taifa zima kuadhimisha miaka 400 ya safari ya Columbus. Kiapo cha bendera ambacho watoto wa Marekani wanakisema shuleni hadi leo kiliandikwa kwa ajili ya maadhimisho hayo. Lile sanamu la Columbus lililoko katikati ya Manhattan nalo ni la mwaka huohuo, na fedha zake zilichangishwa miongoni mwa Waitalia kupitia gazeti lao, Il Progresso.

Jiwekeni kwenye nafasi yao. Wewe ni Mwitalia wa mwaka 1892, unachimba mitaro na kubeba matofali, unaitwa mchafu na jambazi, dini yako ya Kikatoliki inatazamwa kama njama ya Papa, na wenzako 11 wameuawa mchana kweupe bila mtu kuhukumiwa. Ndipo unagundua kwamba yule ambaye Wamarekani wenyewe wanamwita mwanzo wa historia yao ni mtu wa Genoa, Mkatoliki kama wewe. Utamshika kwa mikono miwili. Chama cha Kikatoliki cha Knights of Columbus, kilichoanzishwa New Haven mwaka 1882, kilichagua jina hilo kwa hesabu hiyohiyo: nani atamwambia mtu wa Columbus kwamba hapa si kwake?

Kuanzia hapo ni kazi ya kushinikiza tu. Colorado ikaipa siku hiyo hadhi ya sikukuu ya jimbo mwaka 1907. Mwaka 1934 Rais Franklin Roosevelt, kwa ombi la Bunge, akaanza kuitangaza kila tarehe 12 Oktoba. Mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto na Mussolini wa Italia akiwa adui, serikali ilisubiri tarehe 12 Oktoba ndipo ikatangaza kwamba Waitalia wasio raia, watu kama 600,000, hawatahesabiwa tena kuwa wageni wa upande wa adui. Hiyo tarehe haikuchaguliwa kwa bahati. Sheria ya 1968, iliyoanza kutumika 1971, ndiyo iliyoihamishia Jumatatu na kuifanya sikukuu kamili ya serikali kuu.

Kwa hiyo anayesema sikukuu hii ililetwa ili kusherehekea mauaji ya wenyeji, historia haimuungi mkono. Ililetwa na watu walioonewa. Shida ni mtu waliyemchagua awabebe.

MWENDELEZO: Columbus mwenyewe

Mtu huyu hakukanyaga hata siku moja ardhi ya bara ambayo leo ni Marekani. Tarehe 12 Oktoba 1492 alishuka kwenye kisiwa kimoja cha Bahamas ambacho wenyeji walikiita Guanahaní. Akaenda Cuba, akaenda Hispaniola, kisiwa ambacho leo kina Haiti na Jamhuri ya Dominika. Alifanya safari nne, ya mwisho mwaka 1502, na zote ziliishia visiwani na pwani za Amerika ya Kati na Kusini.

Siku mbili tu baada ya kufika, aliandika kwenye kumbukumbu zake za safari kwamba kwa watu 50 angeweza kuwatiisha wenyeji wote na kuwafanyisha chochote. Hayo si maneno ya maadui zake. Ni yake, na yametufikia kupitia padri Bartolomé de las Casas aliyeyanakili.

Naomba niwaoneshe kitu kimoja kwa karibu, maana ndicho kilichonifanya niache kumtetea Columbus kwa hoja ya "ndivyo dunia ilivyokuwa". Wahispania walikuja na vikengele vidogo vya shaba, vile vinavyofungwa kwenye mguu wa mwewe wa kuwindia ili asipotee. Wataino, wenyeji wa visiwa vile, walivipenda sana. Walikuwa wakija na vipande vya dhahabu kubadilishana na kikengele kimoja, wanakitikisa, wanacheka. Columbus aliporudi mara ya pili, na merikebu 17, akaweka kodi: kila mtu wa kuanzia miaka 14 katika eneo la dhahabu alete dhahabu ya kujaza kikengele cha mwewe kila baada ya miezi mitatu. Kilekile walichokipenda ndicho kikawa kipimo. Asiyekaa kwenye dhahabu alete pamba. Aliyelipa alipewa kipande cha shaba avae shingoni, ili askari wamtambue. Na mito ile haikuwa na dhahabu ya kutosha kodi hiyo, kwa hiyo watu wakakimbilia milimani, mashamba yakaachwa, njaa ikaingia.

Mwaka 1495 watu wake walikamata Wataino zaidi ya 1,500. Kama 550 wakapakiwa merikebuni kwenda kuuzwa Hispania, na kama 200 kati yao wakafia baharini, miili ikatupwa majini. Hesabu ya wenyeji waliogawiwa kwa Wahispania wawafanyie kazi kisiwani Hispaniola mwaka 1514 haikufika 30,000, na hapo ndui ilikuwa bado haijaingia. Iliingia mwisho wa 1518.

Wenyeji wa asili wa Marekani hawakuanza kulalamika juzi. Mwaka 1977 kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa kule Geneva ndipo lilipotolewa pendekezo la kuigeuza siku hii iwe ya wenyeji. Mwaka 1990, miaka 100 tangu jeshi liue mamia ya Walakota pale Wounded Knee, jimbo la South Dakota likaifuta Columbus Day na kuweka siku ya wenyeji. Mji wa Berkeley ukafuata 1992, yalipotimia miaka 500. Baadaye miji na majimbo mengi. Mwaka 2021 Joe Biden akawa rais wa kwanza kutoa tangazo la Siku ya Wenyeji wa Asili, akitoa na la Columbus siku hiyohiyo. Oktoba 2025 Donald Trump akasaini la Columbus peke yake, akimsifu kuwa shujaa. Kisheria, jina kwenye orodha ya sikukuu za serikali kuu halijawahi kubadilika. Bunge pekee ndilo linaloweza kulibadili.

MAJIBU KWA WACHANGIAJI

Mkuu wa posti namba 4 amesema tusimhukumu mtu wa karne ya 15 kwa vipimo vya leo. Hoja hii naiheshimu, ila tuwasikilize basi watu wa karne hiyohiyo. Mwaka 1500 wafalme wa Hispania walimtuma Francisco de Bobadilla kuchunguza malalamiko ya utawala wa Columbus, na aliyekuwa gavana akarudishwa Ulaya akiwa amefungwa minyororo. Malalamiko mengi yalitoka kwa Wahispania wenzake. Malkia Isabella aliamuru baadhi ya wenyeji waliouzwa utumwani warudishwe kwao. Mwaka 1511 padri Antonio de Montesinos alisimama kanisani Santo Domingo akawauliza walowezi usoni kwa haki gani wanawatesa watu wale. Tena tunapozungumzia vipimo vya wakati ule, kwa nini hatuwahesabu Wataino? Nao waliishi karne hiyo, na wao walisema kwa mishale na kwa kukimbia.

Mwingine ameandika kwamba angalau Columbus aliwathibitishia Wazungu kuwa dunia ni duara. Hapana mkuu. Wasomi wa Ulaya walilijua hilo tangu Wagiriki wa kale. Ubishi ulikuwa juu ya ukubwa wake, na Columbus ndiye aliyekosea: aliifanya dunia ndogo kuliko ilivyo, akaona Asia iko karibu kwa upande wa magharibi. Isingekuwepo Amerika hapo katikati, yeye na mabaharia wake wangekufa kwa njaa na kiu.

Kuhusu Waviking, wale mabaharia wa kale wa Ulaya ya Kaskazini, kweli walimtangulia Columbus kufika Amerika. Mabaki ya makazi yao yalionekana mwaka 1960 kule L'Anse aux Meadows, Newfoundland, na wanasayansi wamepima mbao zilizokatwa pale wakapata mwaka 1021. Leif Erikson, nahodha wao, naye ana siku yake Marekani, tarehe 9 Oktoba, ingawa si ya mapumziko. Na hebu tazameni tarehe hiyo ilivyopatikana. Haihusiani na safari ya Leif hata kidogo. Tarehe 9 Oktoba 1825 ilitia nanga New York merikebu iliyoitwa Restauration, ikiwa na wahamiaji kutoka Norway. Wajukuu wa wahamiaji hao ndio walioipigania siku hiyo. Mnaona mambo yanavyofanana? Mvumbuzi anatajwa jina, lakini anayetaka kuonekana ni mhamiaji.

Dada wa posti namba 11 ameuliza huko Amerika ya Kusini ikoje. Huko tarehe ya msingi ni 12 Oktoba, na kila nchi imepambana nayo kivyake. Argentina waliiweka mwaka 1917 kama siku ya "mbari", na mwaka 2010 wakaiita siku ya kuheshimu tamaduni mbalimbali. Venezuela waliifanya siku ya upinzani wa wenyeji mwaka 2002, na miaka miwili baadaye waandamanaji wakaliangusha sanamu la Columbus mjini Caracas. Bahamas kwenyewe, alikoshukia, waliifuta siku ya uvumbuzi wakaweka Siku ya Mashujaa wa Taifa. Hispania hawana habari: kwao ndiyo sikukuu kubwa ya taifa, na jeshi linapita mbele ya mfalme.

Sasa hili swali la "sisi Waafrika Mashariki linatuhusu nini?" Linatuhusu sana. Miaka sita tu baada ya Columbus, Aprili 1498, Vasco da Gama alifika Mombasa kisha Malindi, na mnara wake ungali umesimama pale Malindi ukitazama bahari, watalii wanapiga picha. Mwaka 1502 aliporudi alitia nanga Kilwa akamtisha sultani mpaka akakubali kulipa kodi. Kodi ya nini? Dhahabu. Mwaka 1505 Wareno wakaiteka Kilwa, na Mombasa wakaichoma moto. Wataino na Waswahili hawakuwahi kuonana, lakini walitozwa dhahabu na watu wa rasi moja, ile yenye Hispania na Ureno, katika muongo mmoja. Na mwaka 1518, nguvukazi ya wenyeji ilipokwisha, mfalme wa Hispania akatoa kibali cha kupeleka Waafrika moja kwa moja kutoka Afrika hadi visiwa vile. Watu weusi wa Haiti, Cuba na Jamaika walifikishwa huko kwa njia iliyofunguliwa na Columbus.

Kubadili jina la sikukuu nako si jambo geni kwetu. Kenya, Kenyatta Day ya tarehe 20 Oktoba imekuwa Mashujaa Day kwa katiba ya 2010. Tarehe 10 Oktoba ilikuwa Moi Day, ikaja kuwa Utamaduni Day, tangu 2024 ni Mazingira Day. Taifa halikuanguka. Kenyatta hajasahaulika, ila siku imepanuka ikawaingiza na waliopigana msituni bila majina yao kuandikwa popote.

Mnanitaka niseme msimamo wangu. Nasema hivi: siku ibaki, Columbus aondoke. Waitalia wa Marekani wanastahili siku yao, na kuwaambia tu "sikukuu yenu imefutwa, shujaa wenu ni muuaji" ni kuirudia dharau waliyofanyiwa babu zao. Colorado, jimbo lililotangulia kuiweka Columbus Day, ndilo lililopata njia nzuri kuliko yote niliyoiona. Mwaka 2020 lilimtoa Columbus na kumweka Frances Xavier Cabrini, kila Jumatatu ya kwanza ya Oktoba. Huyu alikuwa sista kutoka Lombardy aliyefika New York mwaka 1889 na kuwakuta Waitalia wenzake wakiishi kwa dhiki. Akajenga shule, vituo vya yatima na hospitali, 67 kwa jumla. Mwaka 1892, mwaka mmoja baada ya mauaji yale ya gerezani, masista wake walifungua kituo New Orleans, katikati ya hofu ile. Alichukua uraia wa Marekani, na mwaka 1946 akatangazwa mtakatifu, raia wa kwanza wa nchi hiyo kufikia hapo. Nipeni Mwitalia mwingine anayeibeba habari ya uhamiaji kuliko huyo. Hakumtoza mtu dhahabu.

Na wenyeji wa asili wawe na siku yao kamili ya kitaifa, isiyopangishwa chumba kwenye siku ya mtu aliyewatesa wenzao. Haipendezi kuwalazimisha kila mwaka wakumbukwe kwa kubishana na jina la Columbus.

Mkuu wa mwisho kauliza kama wazee wa Kiitalia watakubali. Wengi bado hawajakubali, na sababu zao nazielewa. Kule Philadelphia, baada ya maandamano na vurugu za 2020 za kupinga ubaguzi, jiji lililifunika sanamu la Columbus kwa sanduku la mbao. Wakazi wakaenda mahakamani. Kesi ikiendelea, sanduku likapakwa rangi za bendera ya Italia, kijani, nyeupe na nyekundu, na Desemba 2022 mahakama ikaamuru liondolewe. Ukiwasikiliza wale wazee, hawazungumzii Hispaniola kabisa. Wanazungumzia baba zao walivyonyimwa kazi na kuitwa majina. New Orleans ilichukua miaka 128 kuwaomba radhi: meya wa jiji alifanya hivyo Aprili 2019, kwa niaba ya jiji, mbele ya Waitalia wa pale. Nadhani radhi kama ile ingekuja mapema, na kutoka Washington, pasingekuwa na haja kubwa ya kumshikilia Columbus hivi. Nani humu ana ndugu Colorado atuambie watu wa huko wanaipokeaje siku ya Cabrini?